Kitanda Kimehamia Mlangoni

Kolwezi, Jumanne

Naogopa, na kosa ni langu. Kwenye redio nilisoma kisa changu kipya: jirani anachimba kobalti ndani ya nyumba yake, mpaka mi nasikia nyundo chini ya kitanda changu. Sikuwa nimesikia kitu. Nilitia chumvi tu, kama kawaida, watu wacheke.

Leo jirani mwenyewe alikuja. Alicheka hadi machozi. “Tata, unajua kutuchekesha!”

Alipofika mlangoni akanong'ona: “Lakini kitanda yako, usogeze huku ku mulango. Usingojee kesho.”

Nimesogeza. Mke wangu aliuliza kwa nini, nikasema joto.

Batoto pia nimewaleta hapa. Wananiona nimeweka sikio sakafuni na wanacheka sana. Wanadhani baba anatafuta kisa kingine.