Mwenye Uso wa Valary

Jumatatu, 9 Februari 2026 – Riyadh

Ramadhani inakaribia na kesi zimefurika. Kila mwaka ni hivyo. Majini wakorofi wanajua mwezi ukiingia watafungwa minyororo, basi wanaharakisha maovu yao! Bosi Abu Turki amenitupia faili hata sijaketi. Kibao cha mlango wetu hapa Olaya kinasema tunatengeneza eisii. Hakuna aliyewahi kutuletea eisii.

Faili: msichana wa Kenya, Valary, kadama, mfanyakazi wa ndani wa nyumba moja Al-Rawdah, Jeddah. Amepiga kwa simu ya kuazima kutoka mtaa wa Ghulail akilia. Alitoka kutupa takataka. Kurudi, akabisha – na aliyemfungulia mlango ni yeye mwenyewe! Uso wake, dera lake, hata kovu la shavuni. Yule wa ndani akamwangalia, akafunga.

Bosi anasema amtume nani kama si mimi, Mkenya mwenzake. Haya. Lakini mimi Truphena sidanganyiki upesi. Kadama akitoroka kwa kafili aliyemwajiri, bila ikama ya kuishi hapa, atasema lolote. Nimewahi kuambiwa jini ameiba blenda.

Jumanne, 10 Februari – Jeddah

Dancan amenipokea airport. Dereva wa ofisi upande huu, mtu wa Bungoma, mwoga ajabu. Amesema kazi yake ni usukani, majini ni yangu.

Valary amejificha kwa Susan, msusi wa Ghulail. Kabla ya salamu nikamwambia avue viatu. Akashangaa. Jini anaiga uso, sauti, hata kilio, lakini miguu humshinda – chini ni kwato. Akavua. Miguu ya mtu! Visigino vimepasuka kama vyangu, rangi ya kucha imebanduka. Basi ni mtu. Kama ni mkweli, hilo ni jambo lingine.

Nikamuuliza alimkosea nani. Hakuna! Nikamuuliza mambo ya jikoni. Hapo ndipo ikatoka: alichemsha makaroni, akamwaga maji yote ya moto kwenye sinki. Ulisema nini kwanza? "Sasa auntie, niambie sinki nini?"

Ole wetu sisi watu wa bara. Hapa, na hata Mombasa, humwagi maji ya moto kimya. Unataja Bismillahi kwanza, walio chini ya bomba wasogee, wabebe watoto wao. Agency ilimfundisha pasi na vakyum. Hilo hakuna aliyemwambia. Siku ile alisikia kitu kikilia ndani ya bomba, anasema. Alidhani ni paka.

Simu yake imebaki kwa kafili, ameomba yangu aongee na mamake, Mama Jael, Webuye. Valary alitaka tu kusikia sauti ya bintiye mdogo, Shirleen, anayelelewa na bibi huko. Hakuwaambia shida yake. Alicheka nao mpaka mwisho, ndipo akalia. Nimeanza kumwamini. Sipendi.

Jumatano, 11 Februari

Nimeingia Al-Rawdah kama fundi wa eisii. Madam ana furaha! Valary wake siku hizi hachoki, hanuni, hagusi simu. Mia mia, anasema. Nikauliza kama haoni tofauti yoyote. Akanikazia macho. Nadhani anaiona sana. Nadhani imemfaa.

Nyumba hiyo hata baba mwenye nyumba anaacha viatu mlangoni. Yule anakanyaga zulia na gambuti nyeusi! Na hakuna anayemkemea.

Nikamfuata jikoni. Alishika sufuria ya maji yanayotokota. Akainamia sinki, akataja Bismillahi, akangoja. Akangoja sana, kama mama anayengoja mtoto avuke barabara. Ndipo akamwaga, kidogo kidogo. Kazi hii nimeona wabaya wengi, lakini leo nilimhurumia. Nikamuuliza polepole, kwa Kiswahili, mtoto anaendeleaje.

Hayuko tena, akasema. Kwa lafudhi ya Webuye kabisa. Halafu: "Na wa kwake? Ni mzima?"

Nikamuuliza jina lake. Alicheka tu. Madam akamjibia kutoka mlangoni: Valary! Tena amempa likizo, Jumamosi anapanda ndege kwenda kumwona mwanawe. Tiketi imebandikwa kwenye friji.

Mtoto kwa mtoto. Hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Alhamisi, 12 Februari

Bosi kwa simu: jini aliyevaa uso wa mtu hashikiki mpaka alitaje jina la huyo mtu kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. Ndiyo maana jana alicheka, mjanja! Basi ni airport, kwenye dirisha la pasipoti. Pale lazima aulizwe, na lazima ajibu mwenyewe. Halas.

Valary amenisihi tumwambie Mama Jael amhamishe mtoto, ampeleke Kitale kwa shangazi. Nimekataa. Nimwambie nini mama wa watu – binti yako akija usimfungulie? Atakufa na presha! Na mambo ya ofisi hayatoki nje. Nimemhakikishia kwamba jini hatavuka lile dirisha. Ameninunia. Anune tu.

Dancan naye ameanza maswali. Kwa nini jini akate tiketi? Nimemwambia aangalie barabara.

Ijumaa, 13 Februari

Hakuna jipya. Nimepita nje ya ile nyumba, mapazia yamefungwa. Sijamwona. Nikajiambia anafunga mizigo.

Jumamosi, 14 Februari – Airport, Jeddah

Tumefika mapema. Dancan mlango mmoja, mimi karibu na madirisha, Valary kando yangu, kajifunika uso mpaka macho. Nimetazama miguu mpaka shingo imeuma. Ndala, raba, viatu virefu, gambuti hakuna. Mafi. Ndege ya Nairobi imeitwa mara ya mwisho. Mafi. Imeondoka.

Nimempigia madam. Anafoka! Kadama wake ameondoka tangu Alhamisi, hakuaga. Gambuti ziko katikati ya zulia. Pasipoti iko kabatini kwa baba. Tiketi bado iko kwenye friji.

Mjinga mimi! Jini na ndege wapi na wapi? Wiki nzima nimemshuku kila mtu – msichana, madam, hata Dancan maskini – kasoro kile kikaratasi. Ile tiketi iliwekwa pale ili niione.

Valary hajui bado. Ananiambia labda ameogopa, labda yameisha. Amefunua uso na kununua chai. Anasema sasa tutafute ikama mpya, arudi nyumbani kama mtu.

Simu yangu imeita. Mama Jael! Alikuwa na namba tangu Jumanne. Sauti ya furaha tupu. Mungu akubariki mwanangu, anasema, kwa kuniletea binti yangu. Amefika jana. Amekonda kidogo, haongei sana, lakini mtoto hamwachi – wamelala kitanda kimoja mpaka asubuhi. Sasa hivi yeye Mama yuko sokoni anatafuta kuku, nyumbani wamebaki wawili hao.

Nikakata. Sijui kwa nini nilikata! Ningemwambia akimbie, arudi, avunje mlango. Naandika hapa nipange maneno, kisha nimpigie.

Inaita tena. Valary ameona jina kwenye kioo. Ameweka chai chini, anacheka.

"Ni mama! Auntie, ni mama huyo – shika basi!"