Nyama ya Mwenyekiti Imeiva

Tabora mjini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana najua goti halikupi nafasi ya kusimama sana. Mvua zimenyesha huko Choma? Ng'ombe wamepata majani? Sisi huku tu wazima, na Shija anazidi kufanana na baba yake mpaka wakati mwingine naogopa kumtazama. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kaka akipokea huweka spika, na habari hii si ya kusikiwa na kijiji kizima. Mwambie akusomee taratibu, mlango umefungwa.

Mama, yule Mwenyekiti wetu wa mtaa ameanguka, na mkono wangu umo.

Hujasahau siku tuliyomzika Baba Shija. Turubai na masufuria ya mtaa, vitu vilivyonunuliwa kwa michango yetu sote, vilikuwa stoo kwake, akagoma kutoa ufunguo eti marehemu alikuwa mpinzani. "Wapinzani wenzake wamletee turubai," ndivyo alivyosema. Ukakaa juani, mama, na goti lako hilo, kichwani umejifunika khanga uliyoilowesha maji, ukaniambia nisilie sana. Nikanyamaza. Watu wakadhani nimesamehe.

Sasa nisikudanganye, mtaa huu walio wengi ni wa chama chake. Wa chama cha marehemu ni wachache, na hao wachache nao kila uchaguzi hukaa nyumbani, wanasema ameshapita huyo, ya nini kupoteza asubuhi. Safari hii kwa upande wetu aligombea Bi Zainabu, fundi cherehani jirani yangu. Tukapita nyumba hadi nyumba tukiwaomba watu wetu jambo moja tu, waende kituoni kabla ya kwenda sokoni. Kwa watu wa Mwenyekiti nilikuwa na maneno mengine. Niliwaambia, "Mtu wenu ameshapita, hana wa kumsumbua." Waliniamini upesi, maana hata wenyewe walikuwa wakisema hivyo hivyo.

Siku ya kura Mwenyekiti akachinja dume, kuwashukuru wapiga kura hata kabla hawajapiga. Akamtuma mkewe aniombe nikapike, kwa kuwa shughuli kubwa zote za mtaa napika mimi, na nadhani aliona ujane umenilainisha. Nikakubali. Nikapiga kura yangu mapema, nikaenda kwake, nikakuta sufuria limeshapandishwa mafigani. Ni lile lile alilotunyima msibani, mama. Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

Dume lenyewe lilikuwa zee, nyama yake ngumu, nami nikaisaidia ikawie kuiva. Kila watu walipogeuka nilichomoa kuni. Uani wakajaa wafuasi wake, wanacheza bao huku wananusa. Wakiuliza, nawajibu, "Bado kidogo tu." Hakuna aliyetaka kwenda kituoni, arudi akute wenzake wamemaliza sinia. Mkewe akaja akaniuliza, "Mama Shija, mbona moto umepoa?" Nikamwambia, "Moto mkali utaikausha nyama, dada. Niachie mimi."

Mchana Mwenyekiti mwenyewe akaanza kuingiwa na wasiwasi. Akasema, "Hebu watu wangu waende kituoni kwanza, watakula wakirudi." Nikamtazama kwa adabu zote ulizonifunza. "Mwenyekiti, mtaa huu nani wa kukushinda wewe?" Akacheka, akavuta kiti, akakaa. Saa kumi vituo vilipofungwa ndipo nilipozirudisha kuni zote.

Waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache, na wengi wao ni wetu. Matokeo yalipotangazwa kituoni, Mwenyekiti alirudi nyumbani uso umemshuka, na watu pale uani wanakwepa macho yake. Nikajifuta mikono, nikasema kila mtu asikie, "Karibu, Mwenyekiti. Nyama imeiva." Hakula. Mimi nilikula, mama, nikasikia utamu ambao sijausikia tangu mume wangu aondoke.

Najua utanijibu habari za kusamehe, na mchungaji wenu atakuunga mkono. Andika tu, nitasoma. Lakini kujuta sijajuta.

Nisalimie kaka na wifi yangu, na baba mdogo anayelala zizini kuwalinda ng'ombe na fisi. Mwambie shangazi, yule aliyekushika mkono siku ya maziko, kwamba simsahau.

Ufunguo wa stoo sasa anao Bi Zainabu. Ibada ya mwaka mmoja wa Baba Shija inakaribia, na nakuomba uje. Safari hii utakaa katikati ya turubai, kivuli chote chako. Yule Mwenyekiti naye nimeshamwalika, na mbele ya watu hakuweza kukataa. Kiti chake nitakiweka kwa mkono wangu, nje, juani.

Mwanao asiyesahau,
Kalunde