Mti Uliolala Ukweni

Twahira, nimeumbuka. Weka mwiko chini usome.

Unaukumbuka ule mti wa hapa ukweni, wenye maua ya pinki yaliyokunjamana kama karatasi? Umepukutisha majani yote na gome linabanduka. Nikajua umekufa. Mama mkwe alikuwa amelala ndani, nikasema ngoja nimfurahishe.

Nimeukata wote kwa panga.

Akatoka, akautazama, akaniuliza taratibu, "Aika, huu mwezi wa ngapi?"

Nikasema wa saba.

"Kila mwezi wa saba mti huu unalala, mwanangu. Ulikuwa umelala tu."

Umelala, Twahira. Nimekata mti uliolala.

Si unajua sisi Wachaga, ukimpa mtu jani la sale hawezi kukunyima msamaha? Nikakimbia kwenye uzio wa masale nikachuma moja, nikampa kwa mikono miwili.

Kalipokea. Katabasamu.

"Nimekusamehe. Ila mimi sikuwa nimelala. Nimekuona toka dirishani, nikanyamaza umalize. Sijawahi kuupenda huo mti."

Nikashusha pumzi.

"Aliupanda baba mkwe wako. Anarudi saa kumi. Kachume lingine."