Magamba Kwenye Pikapu

Wazo, Jumanne

Baba Marietha,

Sie huku wazima, hata kuku wako wanataga.

Pikapu nimeipeleka kwa fundi ipuliziwe raba nyuma, kama ulivyoagiza. Anasema bodi yake ya nyuma ni plastiki ngumu, haishiki kutu, kwa hiyo kwa mifuko ya saruji haihitaji kupuliziwa raba. Raba ni ya mizigo inayoteleza, kama mabeseni ya samaki. Nikamwambia mume wangu anabeba saruji tu. Akacheka, akaniokotea magamba kwenye kona.

Nyumbani hujaleta hata dagaa tangu Pasaka.

Nimemwambia apulizie tu, mabeseni ya huyo muuza samaki wako yasiteleze. Jumamosi nakwenda Kunduchi kununua samaki. Niambie anaitwa nani, nisije nikanunua kwa mwingine.

Mkeo wa kanisani,
Flaviana