Masikio ya Mkwe Wetu

Misunkumilo, Mpanda
Jumatatu, baada ya chakula cha mchana

Kwako Baba Sabina,

Nakusalimu kwanza wewe mwenyewe, halafu ndiyo nawageukia wengine. Goti la kushoto linaendeleaje? Ile dawa unaipaka, au umeiweka juu ya kabati iangalie watu kama kawaida yako? Mpe mama yako shikamoo yangu, mwambie kitukuu chake kimeota meno mawili ya chini na kinauma kila kinachokaribia. Msalimie shemeji Kalisti na mkewe, wameshaezeka au mvua imewakuta na mabati bado yako chini? Msalimie Paulo, mwambie kuogelea ni pale wanapofulia akina mama, asivuke mawe. Msalimie Agnesi, mwambie kuteka maji ni kazi yake, siyo ya bibi. Msalimie jirani yetu mkaanga dagaa, mwambie sufuria yake sijaisahau. Msalimie katekista, mwambie misa huku sijakosa. Na yule mbuzi mwenye pembe moja, kama amezaa nijulishe ni dume au jike.

Sisi huku wazima. Sabina ana afya, maziwa yanatoka vizuri, Josefina ana miezi saba na ameanza kujiviringisha.

Sasa juu ya lile jambo nililoandika kwenye barua iliyopita, la Kalisti aje atuchukue mimi na Sabina na mtoto turudi Kapalamsenga. Usifanye lolote mpaka umesoma hii hadi mwisho. Vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe katekista, maana yeye akisoma anasoma kwa sauti ya altareni na kijiji kizima kitajua. Mwandiko ni wangu wa darasa la nne, utauvumilia. Kwenye simu sikuweza kusema. Simu ni ya Sabina, na nyumba hii ni ya masikio, utaona mwenyewe.

Ile barua niliiandika kwa hasira, sikueleza vizuri. Nianze upya.

Mkwe wetu Deo si mlevi, hilo nilishakuambia. Anatengeneza mafriji na redio pale sokoni, jioni anarudi na mkate. Kwa mila zetu mimi na yeye hatutazamani. Akipita uani nageukia ukuta, nikipita mimi yeye anazunguka nyuma ya choo. Miezi saba niko hapa, uso wake siujui vizuri, nayajua viatu vyake. Kwa hiyo nilikuwa siwezi kumwuliza kitu, wala siwezi kuingia sebuleni akiwemo.

Lakini akiwa kazini nilikuwa naingia kufagia, na ndipo wasiwasi ulipoanza. Ukutani kagongelea trei za mayai, tupu, mpaka kwenye dari. Nyumba haina hata kuku mmoja. Pembeni katundika mablanketi. Mbele yamesimama masanduku mawili ya mninga, marefu kama Agnesi, ukiyatazama haraka ni kama mizinga ya nyuki iliyosimamishwa. Sabina akasema ni spika. Mimi spika nazijua, za harusini zile, zinawekwa nje watu wacheze. Hizi zimefungiwa ndani, na chini zimezungushiwa alama za chaki, na Sabina alinionya nisizisogeze hata kwa upana wa kidole. Nikamwuliza chaki ni ya nini. Akasema ndipo zinapokaa. Hilo nalo ni jibu?

Kila Jumapili baada ya misa wanakuja wanaume wanne. Mmoja ni mzee mstaafu wa reli, mmoja mwalimu wa sekondari, mmoja anauza vipuri vya pikipiki, na mmoja mnene wa kwaya mwenye sauti ya chini. Kila mtu anakuja amekumbatia kitu kimeviringishwa kwenye blanketi, kama anayepeleka mgonjwa zahanati. Wanavua viatu. Wanafunga madirisha, jua la Mpanda linawaka namna ile, wanajifungia na Deo, wa tano wao. Baba Sabina, wewe umeona wapi wanaume watano wakae saa tatu bila pombe, bila kucheza bao, bila kugombana, na hapajafiwa?

Mimi nakuwa jikoni nachambua mchele, lakini mkono unachambua na sikio liko kule. Nasikia mtu anapiga makofi. Pa. Kimya. Anahamia kona nyingine, pa. Halafu wimbo unaanza, wa kwaya au wa dansi la zamani, ukifika mahali pa kunoga unakatwa. Unaanzishwa tena. Mara sita niliuhesabu wimbo mmoja. Halafu wanaanza kusema habari za mwanamke. Mmoja anasema leo yule mama amesogea karibu. Mwingine anasema hapana, yuko kushoto, nyuma ya mpiga ngoma. Mzee wa reli anasema amemsikia akivuta pumzi. Na mlangoni nimewaona wameingia wanaume watano tu, mwanamke hakuna.

Nilimwuliza Sabina wanafanya nini. Akacheka, akasema wanasikiliza sauti. Sauti ya nani? Sauti tu, mama. Usiku wote nikasali. Jirani wa ukuta wa pili nilimdokeza, naye akasema hata wao wanashangaa, maana watu wenye redio kubwa hivyo wangekuwa wanawakera, lakini hawakeri mtu. Hapo ndipo nikachukua kalamu nikakuandikia mje mtutoe humu.

Sasa yaliyotokea jana.

Nilikuwa natafuta mbeleko, ile ya kitenge chekundu aliyotupatia mama yako, niliyombebea Sabina. Imepauka lakini ni nzito, mama yako aliishona mara mbili. Mtoto alikuwa amelala, nilitaka niifue. Kwenye kamba haipo, kitandani haipo. Nikapita karibu na sebule, pazia limeacha upenyo. Nikachungulia. Mungu anisamehe, nilichungulia.

Yule mzee wa reli amekaa kwenye kiti peke yake katikati, amefungwa macho. Amefungwa kwa mbeleko ya mtoto wetu. Wenzake wamesimama nyuma yake na daftari. Wimbo ukapigwa kidogo, akanyoosha kidole kimoja, mwalimu akaandika. Wakabadilisha nyaya kimyakimya, ukapigwa tena, akanyoosha viwili, mwalimu akaandika.

Hodi sikupiga. Niliingia hivi hivi na ungo wa mchele mkononi. Deo kuniona tu akageuka, akabandika paji la uso kwenye trei za mayai akatulia pale pale, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mimi nilitakiwa nitoke mbio, najua. Lakini sikutoka. Wengine wakaduwaa, muziki unaendelea.

Yule mzee aliyefungwa macho akainua mkono. Akasema, "Subirini. Kuna mtu ameingia, sauti imekuwa nzito upande wa mlangoni. Ni mtu mzima, amevaa vitenge viwili, na amekasirika."

Muuza vipuri akaziba mdomo asicheke. Nikaenda nikaivuta ile mbeleko kichwani kwa mzee, kofia yake ikaanguka.

Nikawaambia, "Mbeleko inabeba mtoto. Haifungwi machoni mwa mwanaume. Nani kawapa?"

Sabina alikuwa nyuma yangu, sikumwona. Akasema, "Ni mimi, mama. Nguo nyingine zote ni nyepesi, zinaonyesha."

Mwalimu akaanza kunieleza kwa adabu. Kwamba wana amplifaya mbili, ile mashine inayozipa spika nguvu, moja ya Deo ya zamani aliyoifufua mwenyewe na moja mpya ya bwana wa vipuri. Wanataka kujua ipi inatoa sauti ya kweli zaidi. Mtu anafungwa macho kwa sababu macho yanadanganya masikio, akiona ile mpya inang'aa anaisifu hata kama haijawashwa. Makofi ni ya kupima mwangwi wa chumba, trei ni za kuumeza, na vile vya kwenye mablanketi ni mashine na santuri zao. Na yule mwanamke ni wa kwenye santuri, mwimbaji wa zamani, kwenye mashine nzuri unamsikia pumzi kabla hajaimba. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikaona hata mganga naye ana maneno mazuri.

Nikamgeukia Sabina, nikamwambia afunge nguo zake, tunaondoka. Nikasema mbele yao wote, "Baba anayekaa siku nzima anatafuta pumzi za mwanamke wa kwenye santuri, siku mwanawe akilia atasikia nini?"

Wimbo ulikuwa umekwisha, chumba kikawa kimya, kimya cha zile trei, hata koo langu nililisikia. Ndipo Deo aliposema. Hakusema na mimi, alisema na ukuta, polepole.

"Sabina, mtoto ameamka. Anasogea."

Mimi sikusikia kitu. Sabina hakusikia kitu, nilimwona usoni. Mtoto yuko chumba cha mwisho, milango miwili katikati. Lakini Sabina alikimbia, nami nikamfuata na ungo wangu, mchele unamwagika njia nzima. Baba Sabina, tulimkuta Josefina amejiviringisha mpaka ukingoni mwa kile kitanda kirefu, mguu mmoja na mkono viko nje, anaitazama sakafu ya saruji. Hajalia. Hajatoa hata sauti. Sabina alimdaka shuka likiwa tayari linateleza.

Baadaye nilimwuliza Sabina mumewe alisikia nini. Akasema shuka. Akasema ndivyo alivyo, shuka likikwaruza anajua ni la nani, na tangu mtoto azaliwe anayeamka wa kwanza siku zote ni Deo, Sabina mwenyewe analala hajui. Halafu akaniambia kwa upole, lakini aliniangalia moja kwa moja, "Mama, mimi sihami. Hapa ndipo kwangu."

Sasa usidhani nimewaamini wote. Yule wa vipuri simpendi anavyocheka, na zile trei za mayai bado sijazielewa. Lakini kuna kitu kimenikaa tangu jana, sijala vizuri. Kama anasikia shuka kupitia milango miwili, basi jikoni je? Jikoni na sebule ni ukuta mmoja. Miezi saba mimi niko pale nanong'ona na Sabina. Nimemwita mchawi. Nimesema ana masharti ya mganga. Nimesema siku Kalisti akija tutatoka yeye akiwa sokoni, asijue. Na nakumbuka niliwahi kulalamika peke yangu kwamba tangu nije Mpanda sijaonja mgebuka, samaki wetu wa ziwani, kesho yake wakaletwa wawili wabichi, nikamshukuru Sabina. Jana nimemwuliza kama ndiye aliyemwambia mumewe. Akasema yeye hakusema neno.

Alisikia yote, Baba Sabina. Alisikia ninavyopanga kumnyang'anya mke na mtoto, akaninunulia samaki, akaendelea kuzunguka nyuma ya choo ili asinivunjie heshima. Na mimi ndiye niliyemvunjia, nimeingia alipokaa, nimepiga kelele mbele ya wageni wake. Tangu jana hajala nyumbani. Usiku aliingia tumeshalala. Sabina hajaninunia, lakini hacheki.

Basi kama Kalisti hajaanza safari, mzuie. Kama yuko njiani, mpate kwa simu ya yeyote na umwambie asiguse mzigo wa mtu. Aje, lakini aje kama mshenga, na jogoo mweupe na maneno yako mwenyewe, akae na Deo wanaume wawili, amwombe radhi kwa niaba yangu, maana mimi mdomo wangu haumfikii. Juu ya mbeleko Deo naye atoe fidia yake, asionewe lakini asisamehewe bure, ni mbeleko ya mama yako. Jambo likishamalizwa hivyo mimi nitarudi nyumbani peke yangu. Sabina na mtoto wanabaki.

Msalimie mama yako tena, ila ya mbeleko usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimekaa karibu naye. Waambie Paulo na Agnesi mama yao anakuja. Mwambie mke wa Kalisti amfungashie mumewe chakula cha njiani.

Barua hii nampa mama mnunuzi wa dagaa, anateremka kwenu kesho. Atalala siku moja halafu anapanda huku, mpe jibu aje nalo, usimwache aondoke mikono mitupu. Andika, usipige simu. Na andika upesi, maana Jumapili ikifika wale wanaume wasipokuja nitajua ni mimi niliyewafukuza, na yeye atakaa mle ndani peke yake, na mimi jikoni nitaogopa hata kuchambua mchele.

Ni mimi mkeo,
Mama Sabina