Kumi na Mbili Juu ya Makumi Mbili

Pinga, tarehe 4 juillet

Papa mupendwa,

Jambo sana. Afya yenu huko Kashuga? Mugongo ya Mama ingali inauma? Miye na shangazi Verdiane tuko wazima. Tangu antenne ya simu iungue hakuna réseau, njo maana naandika. Élie wa pikipiki atakufikishia.

Examen d'État ya kumaliza sekondari imeisha! Psychologie ilinitoa jasho. Tumepiga hesabu na wenzangu: naona nitapata kumi na mbili juu ya makumi mbili, ao kumi. Waliuliza woga na wasiwasi vinaachana wapi. Nilijibu: woga uko na kitu mbele yake, wasiwasi hauna. Victorine anasema ni kinyume. Sijui!

Papa, usimwambie muntu mbele ya matokeo. Unajijua.

Binti yako, Gaëlle

Kashuga, tarehe 15 juillet

Mwanangu,

Salamu katika Bwana. Mama anatembea, maharagi imeota muzuri. Unakula vizuri?

Ulinikataza kusema, lakini furaha ya muzazi haifungwe kamba. Dimanche nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Ile kumi na mbili nikaifanya kumi na munane, Mungu anisamehe. Nikasema: "Binti yangu amesoma psychologie. Akikuangalia usoni tu, anajua unachoficha moyoni!" Wamama wakapiga vigelegele. Mama yako amekwisha kununua poudre nyeupe ya kukumwangia kichwani siku ya matokeo, kama wanavyofanyia wote wanaofaulu.

Papa yako, Nzabandora

Pinga, tarehe 22 juillet

Papa,

Jambo tena, natumaini muko wazima. Ee Papa! Nilicheka, kisha nikakasirika. Psychologie si uganga! Walitufundisha namna mutoto anavyojifunza, basi. Nikianguka, uso nitauficha wapi? Dimanche urudie kanisani useme ulizidisha. Matokeo ikitoka tu, ninakuja.

Binti yako, Gaëlle

Kashuga, tarehe 9 août

Mwanangu Gaëlle,

Bado tuko wazima. Salamu ndefu sina.

Jana wale waasi wa kilimani walishuka na bunduki. Mukubwa wao alikaa kwa kiti yangu, akauliza kwa upole: "Yule binti anayeona moyo wa muntu atafika lini?" Anasema kati ya watu wake kuna wasaliti, na anataka muntu wa kumuonyesha ni nani. Niliapa kwamba nilidanganya, mutoto hajui kitu. Akacheka: "Muzazi anaficha mali yake."

Swali lako la examen nimelielewa. Mwanzo ilikuwa wasiwasi. Sasa ni woga, na kitu chake nimekiona. USIKUYE huku Kashuga. Hata ukifaulu, hata ukisikia niko mugonjwa, usikuye. Kosa ni kinywa changu.

Papa yako, Nzabandora

Pinga, tarehe 12 août

Papa na Mama wapendwa,

Jambo jambo! Muko wazima? Nimefaulu! Cinquante-huit pour cent, makumi tano na munane juu ya mia! Shangazi alilia, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Barua yenu sikupata. Kwenye barrière ya njiani wale wenye bunduki walimunyang'anya Élie mufuko ya barua, lakini yeye hawakumugusa. Mukubwa wao alimuuliza kama anamujua binti ya Nzabandora, yule wa psychologie. Akamwambia: "Umulete tu, tunamungoja." Papa, mpaka kwa barrière umenitangaza! Nimecheka mpaka machozi.

Shangazi anataka ningoje kwanza. Nimemwambia hiyo ni wasiwasi tu, haina kitu mbele yake. Barua hii inatangulia leo na pikipiki ingine. Miye nitapanda na Élie kesho asubuhi. Mama, fungua poudre.

Binti yenu, Gaëlle