Sauti yenye Haitetemeke

Bukavu, siku ya ine, 1957

Ku kazi tunachagua mashini ya kutoa sauti ya kupimia, ya zamani ao mupya. Shefu anapenda ile mupya sababu inangaa. Mimi nilivala kaske ku masikio, nikasikiliza zote mbili. Sauti ya ile mupya inatetemeka kidogo, na ule mutetemo utaharibu vipimo vyetu vya mawimbi ya redio. Ya zamani inatoa sauti imenyooka kama uzi.

"Tukamate ya zamani, Shefu."

"Lakini hii iko mupya!"

Alinuna. Naogopea kazi yangu.

Nilirudi nyumbani na hasira. Mama yangu, mwenye alitoka kwao Nyantende kuogesha mutoto wetu muchanga, alikuwa anamuimbia kwa Mashi, luga yetu. Siku hizi sauti yake inatetemeka sana. Mutoto alilala mbele ya wimbo kuisha.

Kutwa nilikataa sauti yenye kutetemeka. Hii ya mama, Mungu aiache itetemeke tu, myaka mingi.